Pedi zilipofutiwa VAT mwaka 2018 bei haikushuka. Ile asilimia 18 aliila nani?

#1 Mzaramo wa Kisarawe

Wakuu salaam.

Bajeti inakaribia na vijiweni nimeshaanza kusikia watu wakiomba kodi ya hiki na kile ipunguzwe. Kabla hatujaanza kushangilia, kuna jambo linanikereketa miaka yote hii.

Juni 2018 ilitangazwa bungeni kwamba taulo za kike zinaondolewa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18. Makofi yakapigwa. Wakati huo nilikuwa nalea mpwa wangu, yuko kidato cha pili, bweni, na kwenye orodha yake ya vitu vya shule pakiti sita za pedi hazikosekani. Kabla ya Julai pakiti nilinunua 2,000. Julai ilipofika nikaenda duka lilelile, nimejiandaa kabisa kudai changu. 2,000. Nikamwambia muuzaji mbona kodi imefutwa, akanitazama kama nimemuuliza habari za mwezini. Septemba 2,000. Januari shule zinafunguliwa, 2,000.

Hesabu yangu: ndani ya 2,000 VAT ni 305. Pakiti sita ni 1,830. Hiyo hela ilikwenda kwa nani? Kwa Serikali haikwenda, kwa mpwa wangu haikwenda.

Mwaka 2020 kodi ikarudishwa kwa maelezo kwamba walionufaika ni wafanyabiashara. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kupunguza kodi kwa jina la mnyonge ni kumnenepesha mfanyabiashara. Anayepinga aje na hesabu, asije na mapambio.

#2 kigoda_cha_mbele

Nimeshaweka kigoda. Leo wahasibu wanaumana.

#3 Mangi wa Tandika

Mleta mada, toa kwanza hiyo 305 kichwani. Umeipiga kwenye bei ya rejareja, na huko hakukuwa na VAT.

Mimi nina duka. Sijasajiliwa VAT. Wakati ule ilikuwa mpaka mauzo yako yafike milioni 100 kwa mwaka, siku hizi ni milioni 200, na kaduka kangu hata kwa maombi ya kufunga hakafiki huko. VAT mimi naimeza Kariakoo ndani ya bei ya jumla. Pakiti nilikuwa nachukua 1,600, nauza 2,000. Kwenye 1,600 VAT ni 244. Ile 400 ya juu ni yangu, na humo ndani kuna kodi ya fremu, guta, umeme na panya.

Julai 2018 nimekwenda Kariakoo kama kawaida. Bei: 1,600. Nikauliza. Jamaa akasema "huu mzigo wa zamani." Agosti mzigo wa zamani. Septemba mzigo wa zamani, nikaanza kujiuliza huo mzigo ulikuwa wa tangu enzi za Mwalimu. Oktoba nikakuta 1,550. Hamsini! Sasa ulitaka niuze 1,950? Chenji ya hamsini naitoa wapi kila siku? Dukani kwangu bei inatembea kwa mia, na mara nyingi kwa mia mbili.

Nakiri mbele ya jukwaa: ile hamsini niliila mimi. Lakini 194 iliyobaki muulizeni mwingine.

#4 Mzaramo wa Kisarawe

Mangi, angalau wewe umekiri. Wenzako wanakula na kufuta midomo.

#5 Mkaguzi Mstaafu

Kwanza tusahihishe tarehe. Kodi haikurudishwa 2020. Ilirudishwa kwenye bajeti iliyosomwa Juni 2019, ikaanza Julai mosi. Waziri wa Fedha alikuwa Dk. Philip Mpango, yuleyule aliyekuja kuwa Makamu wa Rais. Msamaha uliishi mwaka mmoja tu.

Pili, wengi wanachanganya vitu viwili ambavyo mitaani vyote tunaviita "kufuta VAT". Kuna *msamaha* na kuna *kiwango cha sifuri*. Pedi zilipewa msamaha. Tofauti yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, naomba mnivumilie.

Chukua kiwanda cha hapa nchini. Kwa kila pakiti kinanunua pamba, plastiki na gundi za 600, na juu yake kinalipa VAT 108. Pakiti kinaiuza 1,000 na kuongeza VAT 180, jumla 1,180. Mwisho wa mwezi kinachukua ile 180, kinatoa 108 kilizokwisha kulipa, kinapeleka mamlaka ya mapato (TRA) 72. Chenyewe hakiumii, kinapokea kwa mkono huu na kutoa kwa mkono huu.

Ukikipa msamaha, kwenye mauzo hakitozi VAT. Lakini ile 108 ya malighafi kimeshailipa na sheria hairuhusu kuidai tena, kwa sababu bidhaa yake sasa imesamehewa. Inabaki imekwama tumboni. Ili kipate faida ileile ya mwanzo lazima kiuze 1,108. Kwa hiyo kutoka 1,180 nafasi halisi ya kushusha ni 72 tu. Tangazo lilisema asilimia 18, mkononi mwa mwenye kiwanda kilichokuwepo ni kama asilimia 6.

Kiwango cha sifuri kingemwezesha kudai 108 yake irudi. Hapo ndipo na ugomvi mwingine unapoanza, maana aliyewahi kusubiri marejesho ya VAT anajua ndevu zinaota mpaka zinaingia mvi.

#6 Chuma cha Pua

Mkaguzi, maelezo safi, ila umeacha nusu. Pedi nyingi zilizokuwa madukani zilikuwa zimetoka nje zikiwa tayari ndani ya pakiti. Huyo hana malighafi ya kukwama. Msamaha kwake ni asilimia 18 yote bandarini.

#7 Mkaguzi Mstaafu

Sahihi, na ndipo mchezo ulipo. Ushuru wa forodha tuuweke kando kwa sababu huo ni somo jingine. Mwagizaji mwenye mzigo wa 1,000 alikuwa anauza 1,180, sasa anaweza kuuza 1,000. Lakini anamtazama jirani yake mwenye kiwanda ambaye hawezi kushuka chini ya 1,108. Kwa nini auze 1,000? Anauza 1,100, anamshinda jirani kwa shilingi 8, na mia anaiweka mfukoni. Hajavunja sheria yoyote.

Kwa hiyo aliyepoteza wa kwanza alikuwa kiwanda cha nyumbani, kile tulichokuwa tunakiimbia nyimbo za Tanzania ya viwanda.

#8 Mzaramo wa Kisarawe

Hapo kwenye kiwanda nimejifunza, sikuwa najua. Ila bado unanithibitishia hoja. Mia imeingia mfukoni mwa nani? Mfanyabiashara.

#9 Daladala Gongo la Mboto

Hivi ninyi dola hamuijui? Mwagizaji analipa kwa dola. Shilingi ikiteleza kidogo tu akiba yote ya kodi inakwenda na maji. Mnataka bei ishuke wakati kila kitu kingine kinapanda. Huenda bila ule msamaha ungenunua 2,200 na ungeshukuru.

#10 Chuma cha Pua

Hoja ya "huenda ingepanda zaidi" haina mwisho. Kwa mtindo huo hata mganga anayeshindwa kukuponya anaweza kusema bila dawa yangu ungekuwa marehemu.

#11 Daladala Gongo la Mboto

Na wakati mwingine mganga anasema kweli 😂

#12 Mwalimu Nyamongo

Naomba niwatoe kwenye pakiti niwapeleke darasani kidogo.

Nafundisha sekondari ya kata. Kwenye droo ya meza yangu kuna boksi la viatu, ndani yake huwa naweka pedi ninazonunua kwa hela yangu, mbilimbili nimezifunga kwenye gazeti. Binti akija haombi. Anasimama mlangoni, sweta amelifunga kiunoni wakati jua linawaka, anasema "Madam naomba chaki." Chaki ziko kwenye boksi jingine, lakini wote tunajua anachoomba. Ndiyo lugha yetu.

Mwaka ule wa msamaha nilikuwa nanunua bei ileile na idadi ya wanaoomba chaki haikupungua. Nawaambia kwa nini hata ingeshuka hadi 1,700 isingebadilika sana: binti ambaye kwao kupata 2,000 ni kazi, 1,700 pia ni kazi. Anatumia kitambaa. Mnajadili asilimia za kitu ambacho hayumo kwenye wateja wake.

Sasa hesabuni hivi. Hela ambayo Serikali iliacha kukusanya mwaka ule, ingekusanywa ikanunua pedi zikaletwa shuleni moja kwa moja, boksi langu la viatu lingekuwa na viatu.

#13 kigoda_cha_mbele

Madam heshima yako. "Naomba chaki" imenigusa.

#14 Mtoto wa Mhindi Mtaa wa Narung'ombe

Madam nakuunga mkono nusu. Hela ikishaingia mfuko mkuu, nani alikuhakikishia ingenunua pedi? Ingenunua mafuta ya msafara. Afadhali ibaki kwa mfanyabiashara, atafungua duka jingine atamwajiri mtu.

Halafu niseme kama mtu wa Kariakoo, maana tunasemwa hapa kama wachawi. Mwaka mmoja ni mfupi sana. Mzigo unaagiza leo, unakaa majini, unakaa bandarini, unauza miezi. Wengine mzigo uliolipiwa kodi waliumaliza karibu na Krismasi. Wakati wanaanza kuleta mzigo usio na kodi na ushindani unaanza kuchemka, Juni ikafika, kodi ikarudi. Mchele umetolewa jikoni haujaiva, mnasema mchele mbaya.

#15 Mangi wa Tandika

Narung'ombe, sikatai kuhusu mzigo. Ila nieleze: kodi iliporudi Julai 2019, bei ya jumla ilipanda wiki ileile. Wiki ileile! Sasa mbona hapo hamkusema "huu mzigo wa zamani, hauna kodi, chukua kwa bei ya zamani"?

#16 Mtoto wa Mhindi Mtaa wa Narung'ombe

😂😂 Mangi una wivu.

#17 Chuma cha Pua

Hajajibu. Wekeni alama hapo, hajajibu.

#18 Fundi Mita

Mimi naona mnazunguka. Swali ni: je, kuna mtu anayesimamia bei? Angalieni mafuta. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wanatoa bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kwenye ile hesabu yao kila tozo iko kwenye mstari wake. Serikali ikiongeza shilingi 100 kwa lita, mwezi unaofuata unaiona kituoni. Mwaka 2022 bei ilipopaa sababu ya vita vya Ukraine, ikaletwa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni mosi, na pampu zikabadilika siku ileile kwa sababu bei kikomo ilibadilika.

Pedi hazina EWURA. Ukipunguza kodi kwenye bidhaa isiyo na bei kikomo unaomba hisani.

#19 Mtoto wa Mhindi Mtaa wa Narung'ombe

Bei elekezi? Mmesahau sukari ya 2016? Serikali ilisema kilo 1,800. Sukari ikafanyaje? Ikapotea. Mama yangu alikuwa anainunua nyuma ya duka kama bangi.

#20 Mangi wa Tandika

Ni kweli. Na mimi nilikuwa nauza nyuma ya duka. Leo nakiri kila kitu.

#21 Kisauni Boy

Jameni nawasalimu kutoka Mombasa. Na sisi tulipitia haya. Aprili 2020 korona ilipoingia, Serikali ya Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14. Mliona unga wa sima ukishuka? Haukushuka hata ndururu.

#22 Nyanya wa Likoni

Kisauni Boy mwanangu, unga wa mahindi haukuwa na VAT hata kabla ya korona. Ungeshukaje kwa kodi usiokuwa nayo? Taja sabuni, taja mafuta ya kupaka, hapo nitakusikiza.

#23 Kisauni Boy

Shikamoo nyanya, hapo umenikamata. Basi nipe nafasi ya pili, hii ni yangu mwenyewe hainipotei.

Nafuu zilezile za Aprili 2020 zilisema anayelipwa mpaka shilingi 24,000 kwa mwezi asikatwe kodi ya mshahara hata kidogo. Nilikuwa mhudumu kwenye hoteli moja huku pwani, mshahara 22,000. Wazungu wakaacha kuja, tukaitwa kwenye ukumbi wa chakula, tukaambiwa mwende nyumbani bila malipo mpaka tuwaite. Jioni nikafungua redio nikasikia nimesamehewa kodi. Nikamwambia mke wangu, leo nimepata msamaha wa kodi kwa mshahara nisiokuwa nao.

Januari 2021 VAT ikarudi 16, waliokuwa wanalipa asilimia 25 wakarudi 30. Kazi yangu ilirudi baadaye sana. Walionufaika na miezi ile tisa ni waliokuwa na mishahara inayoendelea kuingia, na hasa mikubwa, maana wao walishushiwa kutoka 30 hadi 25.

#24 Karani wa Malipo

Kisauni Boy umenifungulia mlango. Mimi huandaa mishahara, ngoja niwape ya huku Tanzania Bara.

Julai 2021 kiwango cha chini cha kodi ya mshahara kilishuka kutoka asilimia 9 hadi 8. Magazetini ilikuwa furaha kwa wafanyakazi. Kiwango hicho kinagusa sehemu ya mshahara kati ya 270,000 na 520,000 peke yake. Tofauti ya asilimia moja kwenye 250,000 ni shilingi 2,500. Basi. Anayepokea 300,000 alipata shilingi 300. Mlinzi wetu getini, ambaye mshahara wake haukufika 270,000, alipata sifuri kwa sababu hakuwa anakatwa chochote. Mkurugenzi wa milioni nane alipata 2,500 kamili.

Nakumbuka mhudumu wa ofisi alikuja dirishani na slipu yake mkononi, amekunja kipande cha kodi kwa kidole, akaniuliza "hii mia tatu ni ya nini, mmekosea?" Nikamwambia ndiyo punguzo lenyewe. Akasema haya, akaondoka. Mia tatu ilikuwa nauli ya daladala nusu safari.

#25 Daladala Gongo la Mboto

Nusu safari unashushwa Tazara 😂

#26 Mkaguzi Mstaafu

Karani usiwe mkali sana kwa 2021 ukaiacha 2020. Hapo ndipo pa kupimia. Kabla ya Julai 2020 kodi ilianzia mshahara wa 170,000, na ilipofika 720,000 ulishaanza kukatwa asilimia 30. Ikabadilishwa, kuanzia 270,000, na 30 ikasogezwa mpaka juu ya milioni moja. Chukua viwango vya wakati huo:

Wa 300,000 alikuwa anakatwa 11,700, akaanza kukatwa 2,700. Kapata 9,000.

Wa milioni moja alikuwa anakatwa 182,100, akaanza kukatwa 130,500. Kapata 51,600.

Wa milioni tano naye kapata 51,600 hiyohiyo.

(Mishahara yote hiyo ni baada ya kutoa mchango wa mfuko wa hifadhi.)

#27 Chuma cha Pua

Kwa hiyo mwenye 300,000 kaongezewa asilimia 3 ya mshahara, wa milioni moja asilimia 5 na kidogo, wa milioni tano asilimia 1. Aliyekula vizuri ni wa katikati! Hiyo inaharibu hoja ya mleta mada kwamba ni matajiri tu.

#28 Mzaramo wa Kisarawe

Haiharibu. Wa milioni moja kwa mwezi huku Kisarawe ni tajiri.

#29 Karani wa Malipo

Na bodaboda, mama ntilie, mkulima wa korosho? Hawamo kwenye slipu yoyote. Ukipunguza kodi ya mshahara unazungumza na watu wenye slipu, na hao nchi hii ni wachache.

#30 Wakala wa Kona

Msiseme hatumo. Sisi tusio na slipu tulikutana na tozo.

Julai 2021 tozo ya miamala ya simu imeanza, mpaka shilingi 10,000 kwa muamala mkubwa. Kibanda changu kiko stendi. Kabla ya hapo foleni, baada ya hapo nilikuwa napangusa vumbi kwenye simu. Septemba wakapunguza asilimia 30, cha juu kikawa 7,000. Bajeti iliyofuata wakashusha tena, 4,000. Kwenye karatasi hiyo ni neema kwa mnyonge, siyo?

Watu hawakurudi wote. Miezi ile miwili walijifunza. Mama mmoja aliyekuwa anamtumia mwanawe hela Tabora kila mwisho wa mwezi alianza kumpa kondakta wa basi kwenye bahasha, anampa na soda. Tozo iliposhuka nikamwambia mama njoo sasa nafuu. Akasema "mwanangu, kondakta tumeshazoeana."

Kwa hiyo kwenye punguzo la tozo ongezeni kwenye orodha yenu: aliyenufaika, makondakta.

#31 Mwalimu Nyamongo

Na kwa upande wa pili, tuliambiwa ile tozo inajenga madarasa na vituo vya afya. Shuleni kwetu yalijengwa mawili, nayafundishia. Sasa wakala anashangilia tozo kushuka na mimi nina wanafunzi 90 darasani. Nishangilie?

#32 Wakala wa Kona

Madam sikushangilia, nilikuwa napangusa vumbi.

#33 Msukuma wa Reading

Salaam kutoka Uingereza. Msidhani ni Afrika peke yake. Septemba 23, 2022, Waziri wa Fedha wa huku Kwasi Kwarteng alisimama bungeni akatangaza punguzo la kodi la pauni bilioni 45, pamoja na kufuta kiwango cha asilimia 45 walichokuwa wanalipa wakati huo wenye kipato cha zaidi ya pauni 150,000. Hela ya kuziba pengo? Kukopa.

Soko la dhamana likapata homa. Siku tano baadaye Benki Kuu ikaingilia kati. Mabenki yakaanza kuondoa mikopo ya nyumba kwenye madirisha, na Oktoba riba ya mikopo ya miaka miwili ikapita asilimia 6. Sisi muda wetu wa riba ya zamani ulikuwa unaisha Novemba. Mke wangu ni muuguzi, mimi naendesha basi, wa pauni 150,000 hatujawahi kumwona hata kwenye basi langu. Lakini tukaanza kulipa zaidi kila mwezi kwa sababu ya punguzo la kodi ya mtu mwingine, punguzo lenyewe likafutwa hata halijaanza. Kwarteng akafukuzwa, Waziri Mkuu Liz Truss akafuata mwezi huohuo. Malipo yetu ya nyumba hayakuwafuata.

#34 Daladala Gongo la Mboto

Msukuma unaendesha basi Uingereza? Tupe konekshen mkuu.

#35 Msukuma wa Reading

Njoo binafsi, tusiharibu uzi wa watu.

#36 Mama Furaha wa Bukavu

Mimi niko Lille, miaka mingi nilikuwa jikoni kwenye mgahawa. Julai 2009 Ufaransa ilishusha VAT ya migahawa kutoka 19.6 mpaka 5.5. Si kitu kidogo! Wenye migahawa walikuwa wameahidi watashusha bei ya vyakula fulani na kuajiri watu. Kwetu patron, mwenye mgahawa, alishusha bei ya kahawa na ya samaki wa siku, akaandika kwa chaki kubwa mlangoni. Nyama na vyote vingine vikabaki. Mwezi wa kumi alinunua mashine mpya ya kuosha sahani.

Lakini niseme ukweli: mashine ile ilinipumzisha mgongo. Kwa hiyo ile kodi, mteja alipata kahawa, patron alipata mashine, na mimi nilipata mgongo. Kisha 2012 wakapandisha mpaka 7, 2014 mpaka 10, na samaki wa siku akarudi bei yake mbio.

#37 Mangi wa Tandika

Mama Furaha naona hata Ufaransa kuna "mzigo wa zamani". Ikipanda inapanda na bodaboda, ikishuka inashuka kwa mguu.

#38 Fundi Mita

Ndiyo maana nasema, punguzo lenye msimamizi. Au basi wape wenye viwanda moja kwa moja.

#39 Mkaguzi Mstaafu

Walijaribu. Bajeti hiyohiyo ya 2019 iliyorudisha VAT kwenye pedi iliwapa wawekezaji wapya wa viwanda vya pedi kodi ya makampuni ya asilimia 25 badala ya 30, kwa miaka miwili.

Hebu fikirini kama mwekezaji. Mwaka wa kwanza unajenga, unaagiza mashine, unafundisha watu. Mwaka wa pili unatafuta wateja. Faida huna. Kodi ya makampuni inatozwa kwenye faida. Asilimia 25 ya sifuri na asilimia 30 ya sifuri ni ndugu wa tumbo moja. Ukianza kupata faida, miaka miwili imeisha.

#40 Mtoto wa Mhindi Mtaa wa Narung'ombe

Hapo Mkaguzi umesema. Shemeji yangu alinijia na wazo hilohilo la kiwanda mwaka ule, tukakaa na kikokotoo jioni moja, kufika saa nne usiku tukarudi kwenye biashara ya vitenge.

#41 Chuma cha Pua

Bado hujajibu la Mangi pale #15.

#42 Mtoto wa Mhindi Mtaa wa Narung'ombe

Sawa nijibu. Mzigo wa zamani nikiuza bei ya zamani, mzigo mpya nitanunua na nini? Kodi ikipanda, hela ya kuagizia tena lazima iongezeke, naikusanya kwenye mzigo uliopo. Kodi ikishuka, sitaki niwe wa kwanza kushusha halafu mwenzangu asishushe. Kila mtu anamtazama mwenzake. Si wizi, ni woga.

#43 Mzaramo wa Kisarawe

Woga wenye faida ya 194 kwa pakiti. Nami naomba niogope hivyo.

Nashukuruni wote. Nakubali kwamba ile 305 ilikuwa ni 244, na kwamba sehemu yake ilikwama kiwandani, sehemu ikaliwa bandarini, na hamsini ikaliwa Tandika. Sikubali kwamba hakukuwa na mlaji. Mpwa wangu sasa anafanya kazi, nimemsomea uzi huu kwenye simu, ameniuliza kwa nini wanaume wengi hivi wanajadili pedi.

#44 Mwalimu Nyamongo

Mwambie wanajadili hela. Pedi zimepita njia tu.

#45 LUKU Imeisha

Wakuu nimechelewa. Hivi na ile kodi ya jengo tunayokatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla), ile iliyoanza 2021 kwa 1,000 kwa mwezi, mimi ni mpangaji, mwenye nyumba anatakiwa anirudishie. Nimemwambia, kaniongezea kodi ya chumba. Huyu naye tunamweka kundi gani?

#46 Karani wa Malipo

Huyo anahitaji uzi wake. Fungua.

#47 Mangi wa Tandika

Wakuu, ninyi mmenitafutia balaa. Leo asubuhi kaja dukani dada mmoja, jirani, kumbe anasoma humu. Ananunua pedi, analipa, haondoki. Namuuliza kulikoni dada. Anasema "Mangi, nimekuja na hamsini yangu ya 2018."

#48 kigoda_cha_mbele

Ukampa?

#49 Mangi wa Tandika

Chenji sina. Nimempa pipi.